Kitanda Kimoja Sharjah

Mazungumzo yangu leo ni ya walimu wa hapa Kasese, Uganda, toka Mubuku hadi Bwera na Mpondwe, na zaidi ni ya waume na wake wa walimu. Barua ya kazi kutoka Sharjah, Muscat au Bangkok huandikwa jina la mtu mmoja, lakini gharama yake hulipwa na nyumba nzima.

Barua hizo siku hizi zinaingia kwenye simu. Mwalimu yuko darasani Bwera, simu inatetemeka mfukoni, anaifungua wakati wa mapumziko na kukuta picha ya mkataba wenye muhuri na tarakimu moja ambayo macho hayataki kuiacha. Kufika jioni tarakimu ile imekwisha kugawanywa: hii ya mabati, hii ya ada ya mtoto wa sekondari, hii ya deni la SACCO. Naielewa hamu hiyo na simlaumu yeyote. Ninachoomba ni kwamba kabla hatujakata tiketi, tukae na tarakimu ile tuipigie hesabu ya nyumbani.

Tuanze na kinacholipwa hapa. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti cha gredi ya tatu hupata karibu shilingi laki tano kwa mwezi, kabla ya makato. Mwalimu wa sekondari mwenye shahada anayefundisha fizikia, kemia, biolojia au hisabati, tangu Julai 2022 serikali imempandishia hadi milioni nne. Mwenzake waliyesoma naye chuo kimoja, miaka ileile, akachagua historia, Kiingereza au dini, alibaki na milioni moja na kidogo. Pengo hilo ndilo lililowafanya walimu wa chama cha UNATU waweke chaki chini mwaka 2022, na mwaka 2025 walimu wa masomo ya sanaa wakagoma tena. Kwa hiyo katika chumba kimoja cha walimu hapa Kasese wamo watu watatu ambao barua moja ya ng'ambo ina maana tofauti kabisa kwa kila mmoja wao.

Chukueni Umoja wa Falme za Kiarabu, yaani Emirati, nchi iliko Sharjah, ambako wengi wetu tunatazama. Sheria ya huko inasema mfanyakazi mgeni anayetaka kuishi na familia yake lazima awe na mshahara wa angalau dirham 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba. Dirham moja kwa pesa yetu ni kama shilingi elfu moja. Basi dirham 4,000 ni milioni nne hivi, yaani mshahara uleule wa mwalimu wa fizikia aliyeko hapa Bwera, anayelala kwake, anayekula obundu na samaki wa Ziwa Edward, na ambaye mtoto akishikwa na homa usiku yuko karibu. Ni kweli kwamba huku kodi ya mshahara inamkata karibu milioni moja na laki moja kwenye hizo milioni nne, na kule hakuna kodi ya mapato. Lakini kule atalipa pango la nyumba, na atalipa shule ya watoto. Shule za serikali za kule zimewekwa hasa kwa ajili ya wenyeji, na watoto wa wageni wengi husoma shule binafsi. Mwalimu wa sayansi, kwako wewe nasema bila kusita: barua ya dirham 4,000 haikuongezei kitu. Ukiondoka, uondokee kitu kikubwa zaidi ya hapo.

Mwalimu wa gredi ya tatu, wa laki tano, yeye ndiye anayehitaji pesa kuliko wote, na ndiye ambaye mlango wa darasa la ng'ambo umefungwa kwake. Shule za kimataifa za Ghuba hutaka shahada. Anayemwambia mwalimu wa gredi ya tatu kwamba kuna kazi ya ualimu inamngoja Dubai au Riyadh, mara nyingi anamfungulia mlango mwingine, ule wa kazi za ndani, kufua na kulea, kile tunachokiita sote Uganda kyeyo. Kyeyo ni kazi, na wengi wamejenga nyumba kwayo. Ila mtu aende akijua ni kyeyo anakwenda kufanya. Mwalimu aliyekwenda akidhani atashika chaki, akapewa ufagio, ameibiwa, hata kama mshahara unaingia kila mwezi.

Anabaki mwalimu wa masomo ya sanaa mwenye shahada. Huyo ndiye mwenye mzani mzito, na kwa huyo nataka nikae kidogo.

Tuseme yuko mama anayefundisha Kiingereza katika sekondari ya serikali Bwera. Simtaji mtu, nawawekea mfano tu. Mshahara ni milioni moja na laki moja, na baada ya kodi anapeleka nyumbani chini ya laki tisa. Mumewe analima katika mradi wa umwagiliaji wa Mubuku, mashamba yanayokunywa maji ya mto Sebwe tangu miaka ya 1960, mpunga msimu huu, mahindi ya mbegu msimu ujao, vitunguu pembeni. Wana watoto watatu: mmoja yuko darasa la saba, mmoja la tatu, na wa mwisho ana miaka miwili. Inakuja barua kutoka shule moja ya Sharjah: dirham 4,500 kwa mwezi, mkataba wa miaka miwili, tiketi ya ndege juu ya mwajiri, malazi bure.

Dirham 4,500 ni milioni nne na nusu. Mama akijibana, akatumia milioni moja na nusu kwa chakula, nauli na simu, anatuma nyumbani milioni tatu. Ukitoa laki tisa alizokuwa akizipata, faida ni kama milioni mbili kwa mwezi, karibu milioni 50 kwa mkataba mzima. Kwa nyumba ya Mubuku hizo ni pesa za kubadilisha maisha. Asiyekiri hivyo hamtendei haki mama huyu.

Lakini sasa tusome neno "malazi bure". Karibu kila mtu husoma mshahara kwanza. Mimi nawaomba msome kipengele cha nyumba kwanza, kwa sababu ndicho kinachosema ukweli juu ya familia. Kama malazi ni chumba cha kuchangia na walimu wengine wawili, basi mwajiri amekwisha kujibu swali la watoto kabla hujauliza. Amenunua kitanda kimoja. Hata mshahara ukivuka kile kiwango cha dirham 4,000, mtoto hatalala kwenye chumba cha wafanyakazi. Kukodi nyumba yako mwenyewe, na kulipa ada mbili za shule binafsi, kunazimeza zile milioni tatu zote, na pengine deni juu yake.

Liko na jambo jingine kwa walimu wanawake. Mama akitaka kuwadhamini watoto wake kwa viza yake kule Emirati, huombwa barua ya idhini kutoka kwa baba yao. Na mume akienda kama mtegemezi wa mkewe, viza hiyo peke yake haimpi kazi. Mkulima wa mpunga aliyezoea kupanga maji ya mfereji na majirani zake ataketi ghorofani Sharjah akingoja mke atoke kazini, huku shamba la Mubuku likilimwa na mtu mwingine, au lisilimwe kabisa. Wanaume wengi hawalisemi jambo hili kwa sauti. Bora lisemwe mezani mapema, kuliko kusemwa kwa simu mwaka wa pili kwa hasira.

Baada ya nyumba, soma mshahara wa msingi. Mkataba wa 4,500 unaweza kuandikwa msingi 2,500 na zilizobaki ni posho. Kwa sheria ya kazi ya Emirati ya mwaka 2021, mfanyakazi aliyetimiza mwaka hupata kiinua mgongo cha mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka, katika miaka mitano ya kwanza, na hesabu hiyo hufanywa kwa mshahara wa msingi peke yake. Kwa msingi wa 2,500, mwaka mmoja unakupa dirham 1,750. Kama zote 4,500 zingekuwa za msingi, ungepata 3,150. Sheria hiyohiyo inaruhusu muda wa majaribio hadi miezi sita, na inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri au kumshikia pasipoti. Kwa hiyo yeyote anayekuambia ulipe milioni kadhaa za "nafasi" yako, muulize mwajiri gani huyo asiyejua sheria ya nchi yake.

Na hapa nyumbani, wizara yenye dhamana ni ile ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Kampuni za kupeleka watu nje lazima ziwe na leseni yake, na kazi zenyewe husajiliwa katika mfumo wake wa kompyuta unaoitwa EEMIS. Wakala anayekataa kukupa namba ya leseni, anayetaka usafiri kwa viza ya utalii halafu "mambo yatapangwa huko huko", huyo muache aende zake. Mwaka 2022 Kenya ilitangaza kuwaokoa watu kutoka Myanmar, wakiwamo raia wa Uganda. Waliahidiwa kazi nzuri Thailand, wakavushwa mpaka na kufungiwa katika makambi ya utapeli wa mtandaoni. Wengi wa waliodanganywa walikuwa vijana waliosoma, kama walimu wetu.

Turudi kwa mama wa Bwera, maana bado hatujagusa watoto. Mwaka wa shule wa Ghuba huanza mwishoni mwa Agosti. Wetu huanza Februari, na mtihani wa darasa la saba hufanywa Novemba. Barua inataka awe Sharjah Agosti, wakati mtoto wake mkubwa yuko mlangoni mwa muhula wa mwisho wa shule ya msingi. Akimchukua, mtoto anapoteza mtihani aliojiandalia miaka saba. Akimwacha, mtoto anaufanya bila mama, mama ambaye ndiye mwalimu wa Kiingereza wa nyumba hiyo. Na mtoto akikaa kule miaka kadhaa katika mtaala wa Waingereza, siku ya kurudi vyeti vyake vitapaswa kupitia baraza la mitihani, UNEB, vilinganishwe na vya hapa. Hayo yote yanawezekana, lakini yana miezi yake na pesa zake, na hayamo katika ile tarakimu ya kwenye simu.

Huyu wa miaka miwili ndiye anayenitia uzito zaidi. Mkataba wa miaka miwili kwake ni umri wake wote mara ya pili. Bibi atamlea, naam, na mabibi zetu wa milimani wamelea vizazi. Lakini mtoto atakayempokea mama akirudi atakuwa na miaka minne, amezoea sauti ya mama ikitoka kwenye simu, na mama atalazimika kuanza upya kuwa mama. Wapo waliopita njia hiyo wakafaulu. Sijaona aliyepita bila kulia.

Na sisi tunaishi mahali ambapo kuwapo nyumbani ni jambo kubwa. Mei 2020 mito ya Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha ilifurika kwa pamoja, maji yakachukua nyumba, madaraja na sehemu ya hospitali ya Kilembe. Usiku wa Juni 16, 2023, waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe, mpakani, na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Najua wazazi ambao kwa sababu hiyo wanataka kuondoa watoto wao mpakani, na ukiniuliza, hiyo ni sababu nzito kuliko mabati. Lakini tazameni vizuri: barua ya kitanda kimoja inamwondoa mzazi na kuwaacha watoto palepale. Kama ni usalama mnaoutafuta, barua hiyo haiuleti. Pesa zake zinaweza kumpeleka mtoto shule ya bweni Fort Portal au Mbarara, na hilo mlipange wazi kama sababu ya safari, lisiwe la kufikiriwa baadaye.

Sisi watu wa Rwenzori tuna historia yetu ya ng'ambo ambayo inafaa kukumbukwa mezani. Isaya Mukirane, aliyeanzisha ufalme wa Rwenzururu, alikuwa mwalimu. Mwanawe, Omusinga Charles Wesley Mumbere, alikwenda Marekani mwaka 1984 kwa ufadhili wa serikali ya wakati huo. Mwaka uliofuata serikali hiyo ikapinduliwa, ufadhili ukakatika. Mfalme wa Wakonzo akajifunza kazi ya kuhudumia wagonjwa na wazee, akaifanya kwa miaka mingi, Washington na baadaye Pennsylvania, majirani zake wasijue ni nani, hadi ufalme ulipotambuliwa rasmi Oktoba 2009. Mimi naiheshimu kazi aliyoifanya. Ninachokiona katika habari yake ni jinsi mpango wa masomo wa miaka michache ulivyogeuka robo ya karne, kwa sababu jambo moja asilolimiliki lilibadilika huku nyuma. Walimu wetu wa miaka ya 1970 na 1980, waliokimbia enzi za Amin na vita vilivyofuata kwenda Kenya, Lesotho na hadi Transkei, wanajua habari hiyo. Walikwenda kwa muda, na watoto wa wengi wao walikulia huko na kubaki huko.

Kuhusu nchi nyingine nitapita haraka. Uingereza ilipofungua mlango wa kutambua walimu wa kigeni mwaka 2023, iliorodhesha Ghana, Nigeria, Zimbabwe, Afrika Kusini na wengine, Uganda haikuwamo. China kwa kawaida hutaka mwalimu wa Kiingereza awe na pasipoti ya nchi chache ilizozitaja, na sisi hatumo. Marekani ina viza ya walimu wa kubadilishana, J-1, ya miaka mitatu inayoweza kufika mitano. Hiyo inamruhusu mume au mke kufuata na kuomba kibali cha kufanya kazi, na kwa upande wa familia ndiyo ninayoiona bora, ingawa mwisho wake ni kurudi.

Ipo na njia ambayo watu huidharau kwa kuwa haipandi ndege. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza Julai 2010, na Rwanda imekuwa ikiajiri walimu wa nchi jirani. Mwalimu aliyeko Kigali hurudi likizo kwa basi, kupitia Kabale na Mbarara, na mtoto akiugua anafika kesho yake. Hata hiyo ina hatari yake: mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 ukafunguliwa tena mwisho wa Januari 2022, na miaka hiyo mitatu iliwapata walimu kila upande. Lakini mshahara mdogo wenye likizo nyumbani mara tatu kwa mwaka, mimi nauweka juu ya mshahara mkubwa wenye likizo moja.

Na usitoroke kazi ya serikali. Andika kwa ofisa mkuu wa wilaya kama uko msingi, au Tume ya Huduma za Elimu kupitia mkuu wako kama uko sekondari, uombe likizo bila malipo, na ungoje jibu la maandishi. Anayeondoka kimya huhesabiwa mtoro, jina lake hufutwa kwenye orodha ya mishahara, na miaka yake ya kuelekea pensheni inaingia hatarini. Kwa mama wa Bwera mwenye miaka 15 kazini, pensheni hiyo ni mali kubwa kuliko anavyodhani, na lazima iwekwe kwenye mzani pamoja na zile milioni 50.

Basi ningemshauri nini? Ningemwambia asitie sahihi barua hiyo kama ilivyo, na wala asiitupe. Aijibu. Shule nyingi za binafsi za Ghuba huwapa watoto wa walimu wao nafasi za bure au za ada iliyopunguzwa, na mwalimu asiyeuliza hapewi. Aombe nafasi mbili za shule, aombe nyumba ya familia badala ya kitanda, au posho ya pango iliyoandikwa kwa tarakimu, na aombe mshahara wa msingi uandikwe mbali na posho. Wakati huohuo mumewe atafute mtu wa kulima shamba kwa makubaliano ya maandishi mbele ya majirani wa mfereji. Shule ikikataa yote mawili, nyumba na nafasi za watoto, abaki Bwera, na atafute Kigali.

Ikikubali, aende Agosti peke yake, likizo yake ya kazini ikiwa imejibiwa. Mume abaki na watoto watatu kwa muhula huo mmoja, mkubwa amalize mtihani wake Novemba, mpunga uvunwe, pasipoti za watoto zichukuliwe Mbarara, shilingi 250,000 kila moja. Kisha Januari wamfuate wote wanne, waingie muhula wa pili wa shule za kule.